Jinsi ya Kupima Dalili Zako za Mkojo Ukishavuka Miaka 40

Mtu aliyevuka miaka 40 akianza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, au akianza kubanwa ghafla kiasi cha kukatisha mazungumzo na kukimbilia chooni, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hunyamaza kwa aibu akidhani limempata yeye peke yake, ama hujituliza kwamba ni uzee na uzee hauna dawa. Yote mawili humchelewesha. La kwanza linakanushwa na takwimu, na la pili linakanushwa na matibabu yaliyopo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzisoma takwimu za dalili za mkojo bila kupotoshwa nazo, kisha namna ya kuzihesabu dalili zako mwenyewe kwa siku chache tu, ili ukikaa mbele ya daktari uwe na maelezo ambayo anaweza kuyafanyia kazi.

Tatizo hili limeenea kiasi gani

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 uliwauliza watu wapatao 30,000 wa Marekani, Uingereza na Sweden, wote wakiwa na umri wa miaka 40 na kuendelea, kuhusu dalili zao za mkojo. Asilimia 72 ya wanaume na asilimia 76 ya wanawake walisema wanapata angalau dalili moja, hata kama ni mara mojamoja tu. Watafiti walipohesabu zile dalili zinazotokea mara nyingi tu, idadi ilishuka hadi takriban nusu ya wanaume na zaidi kidogo ya nusu ya wanawake. Miaka mitatu kabla ya hapo, uchunguzi mwingine uliohusisha watu zaidi ya 19,000 katika nchi tano, yaani Kanada, Ujerumani, Italia, Sweden na Uingereza, ulionyesha kwamba hata pale vijana wa kuanzia miaka 18 wanapojumuishwa, karibu watu wawili kati ya watatu wana angalau dalili moja.

Yapo mambo mawili katika takwimu hizo ambayo naomba msomaji asiyapite haraka. La kwanza ni kwamba wanawake hawako nyuma ya wanaume. Wengi wamezoea kuyaona matatizo ya mkojo ya utu uzima kuwa ni ya tezi dume, na kwa hiyo ni ya wanaume, ilhali katika chunguzi zote mbili wanawake wenye dalili walikuwa wengi kuliko wanaume. La pili ni kwamba katika uchunguzi ule wa nchi tano, hata kwa wanaume, dalili za kibofu kushindwa kutunza mkojo vizuri zilikuwa nyingi takriban mara mbili ya dalili za mkojo kutoka kwa shida. Mwanaume anayeamka mara tatu usiku anaweza kuwa na tezi dume iliyokua, lakini pia anaweza kuwa na kibofu chenye hamaki, yaani kinachojikaza chenyewe kabla hakijajaa, au mwili unaotengeneza mkojo mwingi usiku, na kila hali ina tiba yake.

Kiwango kinachotajwa hutegemea sana swali lililoulizwa. Ukihesabu kila anayeamka hata mara moja usiku kukojoa, utawapata karibu nusu ya watu wazima wote. Ukiwahesabu wanaoamka mara mbili au zaidi, idadi hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana kuamka mara moja, kwa mtu anayelala tena bila shida, kwa kawaida hakuhitaji chochote, ilhali kuanzia mara mbili ndipo watu wengi huanza kuona usingizi na nguvu za mchana vikiathirika. Unapokutana na takwimu yoyote ya jambo hili, tafuta kwanza ni dalili gani iliyohesabiwa, na mara ngapi ilipaswa kutokea ili ihesabiwe.

Kwamba jambo limeenea hakumaanishi kwamba halina sababu. Tezi dume, kwa mfano, huonyesha ukuaji usio wa saratani kwa takriban nusu ya wanaume wa miaka ya hamsini, na kwa walio wengi sana waliofika miaka ya themanini. Hata hivyo si kila mwenye tezi iliyokua anayepata dalili, na si kila mwenye dalili anayezipata kutokana na tezi. Kwa upande wa wanawake, uzazi hulegeza misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu, na kukoma hedhi hupunguza homoni ya estrojeni, hivyo utando wa njia ya mkojo na wa uke huwa mwembamba na rahisi kuwashwa.

Anza kwa kuipa dalili jina lake

Neno "nasumbuliwa na mkojo" halimwambii daktari kitu. Madaktari huzigawa dalili hizi katika makundi matatu, na ukijua yako iko kundi gani, nusu ya maelezo umeshayatoa.

Kundi la kwanza ni la kutunza mkojo: kukojoa mara nyingi mchana, kuamka usiku, kubanwa ghafla kwa namna isiyovumilika, na mkojo kuvuja. Kuvuja nako kuna sura mbili zinazopaswa kutenganishwa, kwa sababu tiba zake hazifanani. Mkojo unaovuja unapokohoa, unapocheka au unapoinua mzigo hutokana na misuli na vishikizo vilivyolegea. Unaovuja baada ya kubanwa ghafla, kabla hujafika chooni, hutokana na kibofu kujikaza chenyewe kabla ya wakati wake. Wanawake wengi wana zote mbili, na wanapaswa kusema ipi inawasumbua zaidi.

Kundi la pili ni la kutoa mkojo: kusimama muda mrefu kabla haujaanza kutoka, mtiririko dhaifu, mkojo unaokatikakatika, au kulazimika kujikamua. Kundi la tatu huja baada ya kukojoa, nalo ni hisia kwamba kibofu hakijaisha mkojo, na matone yanayodondoka baada ya mtu kudhani amemaliza.

Dalili ambazo hazisubiri

Kabla ya kuendelea na hesabu, hakikisha huna lolote kati ya haya. Damu kwenye mkojo, hata ikionekana mara moja tu na bila maumivu, inahitaji uchunguzi. Huenda ikatokana na maambukizi, mawe au kichocho, lakini pia ni dalili ya kawaida ya saratani ya kibofu, na kutoweka kwake siku inayofuata hakuthibitishi kwamba umepona. Kushindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini likijaa na kuuma ni dharura ya saa hiyohiyo. Homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni huashiria maambukizi yaliyofika kwenye figo. Matatizo ya mkojo yakiambatana na ganzi ya sehemu za siri, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia choo kikubwa yanaweza kumaanisha kwamba mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo inabanwa, na hapo kila saa ina thamani.

Ipo dalili moja ambayo wazee huificha kuliko zote, nayo ni kukojoa kitandani. Mwanaume mzee ambaye hakuwahi kufanya hivyo, kisha akaanza kuloanisha shuka usiku, huenda kibofu chake kimejaa kupita kiasi kwa muda mrefu bila maumivu na kinamwagika chenyewe. Hali hiyo huweza kuharibu figo kimyakimya. Wanaomtunza mzee wa namna hiyo wanapaswa kumpeleka hospitali, wala wasiishie kumnunulia nepi.

Daftari la siku tatu

Chombo bora unachoweza kukitumia nyumbani ni daftari, kalamu na kikombe chenye alama za mililita. Kwa siku tatu, si lazima zifuatane, andika saa ya kila ulichokunywa na kiasi chake, saa ya kila ulipokojoa na kiasi kilichotoka, kila ulipobanwa ghafla, kila mkojo ulipovuja na ulikuwa unafanya nini, pamoja na saa uliyolala na saa uliyoamka. Usibadili mazoea yako katika siku hizo, kwa kuwa daftari la mtu anayejizuia kunywa maji ili aonekane mzima halina faida.

Kuhesabu mkojo wa usiku kunahitaji uangalifu. Mkojo unaoutoa kabla tu ya kupanda kitandani ni wa mchana, lakini ule wa kwanza asubuhi, baada ya kuamka, ni wa usiku, kwa sababu figo ziliutengeneza ulipokuwa umelala. Watu wengi hukosea hapo, na kosa hilo linageuza matokeo.

Sasa soma ulichoandika. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba kati ya mililita 300 na 500, na mtu hukojoa hadi mara saba au nane mchana. Chukulia kwamba daftari lako linaonyesha jumla ya mililita 1,800 kwa saa 24, na kati ya hizo 800 ni za usiku. Gawanya 800 kwa 1,800 na utapata takriban asilimia 44. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, mkojo wa usiku ukizidi asilimia 33 ya jumla, tatizo ni kwamba mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku, na hapo dawa ya tezi dume haiwezi kumsaidia sana hata akiinywa kwa uaminifu. Sababu huweza kuwa maji yaliyokusanyika miguuni mchana na kurudi kwenye damu mtu anapolala, moyo usiosukuma damu ipasavyo, kukatika kwa pumzi usingizini kunakoambatana na kukoroma, au vinywaji vya jioni.

Chukulia mwingine ambaye jumla yake ni mililita 1,500, usiku ni 300 tu, lakini amekwenda chooni mara kumi na tano, kila mara akitoa mililita mia moja hivi. Huyu hana mkojo mwingi. Ana kibofu kinachodai kumwagwa kabla hakijajaa, au kibofu ambacho hakiishi mkojo, hivyo nafasi inayobaki hujaa upesi. Na yupo wa tatu ambaye jumla yake inafika lita tatu na nusu. Yeye ama anakunywa kupita kiasi, ama anapaswa kupimwa sukari haraka, hasa kama ana kiu isiyokatika na anapungua uzito. Watu hawa watatu wangesema maneno yaleyale mbele ya daktari, kwamba wanakwenda chooni mara nyingi. Ni daftari tu lililowatenganisha.

Mbali na daftari, kuna dodoso fupi la maswali saba linalotumika duniani kote kupima uzito wa dalili, hasa kwa wanaume wenye tezi dume. Kila swali lina alama 0 hadi 5, kwa hiyo jumla ni kati ya 0 na 35: alama 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 ni za kati, na 20 hadi 35 ni kali. Swali la nane huuliza ungejisikiaje kama ungeishi hivyo maisha yako yote, na kwa maoni yangu hilo ndilo zito kuliko mengine. Mwenye alama 9 anayekosa usingizi na kuacha kusafiri ana haja kubwa ya tiba kuliko mwenye alama 15 asiyejali.

Angalia dawa unazotumia na magonjwa uliyo nayo

Andika majina ya dawa zako zote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hilohilo. Dawa za kuongeza mkojo anazopewa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo humpeleka chooni saa chache baada ya kuzinywa, na wakati mwingine daktari huweza kubadilisha saa tu na tatizo likaisha. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huvimbisha miguu, na maji hayo hutoka usiku kama mkojo. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine, pamoja na zile za mzio zinazoleta usingizi, zinaweza kumziba kabisa mwanaume mwenye tezi iliyokua. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa uamuzi wako mwenyewe. Peleka orodha na uulize.

Kisukari, kiharusi, ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson na kukosa choo kikubwa kwa siku nyingi vyote hugusa kibofu. Hilo la mwisho hudharauliwa, ingawa utumbo uliojaa hukandamiza kibofu na kuzuia kisiishe, na kwa mzee dhaifu kutibu choo kigumu pekee kunaweza kuleta nafuu inayoonekana.

Unachoweza kuanza kufanya wiki hii

Watu wengi huanza kwa kupunguza maji, na hapo hukosea. Mkojo mzito huwasha kibofu na kuongeza hamu ya kukojoa, tena huzidisha choo kigumu. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinawatosha watu wazima walio wengi, isipokuwa wale ambao daktari amewawekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Kinachofaa ni kubadili saa: kunywa zaidi asubuhi na mchana, kisha punguza katika saa mbili au tatu za mwisho kabla ya kulala. Kahawa, chai ya rangi na pombe zipunguzwe kwa majaribio ya wiki mbili, kisha ulinganishe na daftari la mwanzo, maana si kila kibofu huzichukia kwa kiwango kimoja. Mwenye kuvimba miguu aiinue juu kwa saa kadhaa alasiri, ili maji hayo yatoke kabla hajalala.

Kibofu chenye hamaki hufundishika. Kama daftari linaonyesha kwamba unakwenda kila saa moja, jiwekee saa moja na robo kwa wiki ya kwanza, halafu uongeze robo saa kila wiki mpaka ufike saa tatu hivi. Ukibanwa kabla ya muda, usikimbie, kwa kuwa kukimbia hukitikisa kibofu na kuongeza hofu. Simama au kaa, kaza misuli ya nyonga kwa haraka mara kadhaa, vuta pumzi taratibu, na ungoje wimbi la kubanwa lipite, kwa maana kwa kawaida hupita. Ndipo utembee kwenda chooni. Mafunzo haya huhitaji angalau wiki sita, na wiki mbili za kwanza ndizo ngumu kuliko zote.

Misuli ya nyonga nayo inahitaji mazoezi yake. Ili uitambue, ikaze kana kwamba unazuia ushuzi, bila kubana matako, tumbo wala pumzi. Ikaze hadi hesabu ya nane au kumi, au kadiri unavyoweza, kisha iachie kabisa kwa muda uleule. Fanya hivyo angalau mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Usiyafanye kwa kukatisha mkojo katikati kila unapokwenda chooni, kwa sababu kibofu kinaweza kuzoea kutoisha. Mazoezi haya ndiyo tiba ya kwanza kwa wanawake wanaovuja wakikohoa, na wanaoshindwa kuyahisi wasikate tamaa, bali waombe mkunga, muuguzi au mtaalamu wa viungo awaelekeze, kwani wengi huifanya kazi hiyo kwa misuli isiyohusika.

Mwanaume anayesumbuliwa na matone ya mwisho abonyeze kwa vidole nyuma ya korodani, kisha asukume taratibu kuelekea mbele, ili mkojo uliobaki kwenye mrija utoke. Anayehisi kwamba kibofu hakijaisha asubiri dakika moja au mbili, kisha ajaribu tena bila kujikamua. Na kwa mzee anayeamka usiku, njia ya kwenda chooni iwe na mwanga na isiwe na kitu cha kumkwaza, kwa kuwa nyonga nyingi huvunjika katika safari hizo fupi.

Ukifika kwa daktari

Mpe daftari kabla hujaanza kusimulia, umtajie dalili moja inayokusumbua kuliko zote, na umweleze imekuzuia kufanya nini. Tarajia kupimwa mkojo na sukari, kupapaswa tumbo, na pengine kupigwa picha ya mawimbi ya sauti kuona ni mkojo kiasi gani unaobaki baada ya kukojoa. Mwanaume anaweza kuchunguzwa tezi dume kwa kidole, na kuelezwa kuhusu kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume, ambacho hupanda kwa saratani ya tezi hiyo lakini pia kwa tezi iliyokua na kwa maambukizi, hivyo majibu yake hayasomwi peke yake.

Kipimo cha mkojo kikionyesha bakteria, uliza kama una dalili zinazolingana nao. Wazee wengi, hasa wanawake, huishi na bakteria kwenye mkojo bila homa, bila maumivu na bila badiliko lolote, na kuwapa antibiotiki kila mara hakuwasaidii, ila huzoesha vimelea dawa.

Kuhusu dawa, uliza inalenga kibofu, tezi au homoni, na itachukua muda gani. Tamsulosin hulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, na nafuu huanza ndani ya siku au wiki chache, ingawa huweza kuleta kizunguzungu unaposimama. Finasteride hupunguza tezi yenyewe polepole, kwa hiyo mtu anapaswa kuipa takriban miezi sita kabla ya kuihukumu, na akumbuke kumwambia kila anayempima PSA kwamba anaitumia, kwani huishusha hadi karibu nusu. Dawa za kutuliza kibofu za jamii ya oksibutinini hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee zinaweza kuvuruga kumbukumbu, hivyo mwenye umri mkubwa aulize kama ipo nyingine inayomfaa zaidi. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, estrojeni ya kupaka ukeni hupunguza kubanwa ghafla na maambukizi yanayojirudia, nayo mara nyingi haitajwi mpaka mgonjwa aiulizie.

Baada ya wiki sita za mazoezi, au baada ya muda wa dawa ulioelezwa na daktari, andika daftari jingine la siku tatu kwa namna ileile ya mwanzo na uyaweke mawili hayo pamoja. Kama safari za usiku zimetoka nne hadi mbili, endelea. Kama hazijabadilika, rudi na madaftari yote mawili, na uombe sababu itafutwe upya kabla ya dozi kuongezwa.